Ngome ya Shively

Mzee aliyetunzwa na Nsimire huko Shively, mji wa ugenini kwa wote wawili, alizaliwa Monmouthshire, mpakani mwa Wales, ambako ngome za kale zimejaa vilimani. Kila asubuhi alizungushia kochi lake viti na mito, akatangaza kwa sauti ya kukwaruza kwamba hiyo ni ngome ya Raglan ya kwao. Uji ulipitishwa chini ya kiti kimoja, ndilo lango. Vidole vyake vilipapasa mito kama fundi anayekagua mawe.

Siku moja alimuuliza Nsimire, "Kwenu mlikuwa na ngome?"

"Hapana, Papa. Siye tulikimbia vita tu."

Mzee akauondoa mto mmoja kwa taabu, akajisogeza pembeni.

"Ingia upesi," akanong'ona, "kabla sijafunga."

Nsimire akavua viatu, akaingia.