Sikiliza, Mwanangu

Walimwita Mkwaruzo kwa sababu ya sauti yake, na mwanzoni jina hilo lilimuuma. Mchana alikuwa fundi cherehani, akishona sare za shule kwenye kibaraza cha shangazi yake. Jioni alishika gitaa la umeme, akachukua bembelezi za watoto alizoachiwa na bibi na kuzipigia roki nzito, kwa maneno yake mwenyewe.

Mama yake alipofariki, alitunga wimbo wa kumlilia, akaenda kuurekodi kwa mwenye studio. Bwana huyo aliusikiliza hadi mwisho, akitafuna kijiti cha kiberiti.

"Sikiliza, mwanangu. Wimbo mtamu, ila sauti inakwaruza. Niachie niusafishe."

Akamwachia. Miezi ikapita. Siku moja akiwa saluni anasukwa, redio ikapiga wimbo wa mama yake, ukiimbwa na binti mwenye sauti laini. Gitaa lilikuwa lake, hata pale alipoteleza kidogo. Sauti tu ndiyo iliyofutwa. Mtangazaji akammwagia sifa mtunzi: mwenye studio.

Mkwaruzo aliinuka na kichwa nusu kimesukwa, nusu timtim, akaenda moja kwa moja studio.

"Aliyekufa ni mama yangu," alisema. "Wewe ulimlilia lini?"

"Sikiliza, mwanangu. Nenda kashtaki. Nani anakujua?"

Alirudi nyumbani akasimulia yote. Shangazi, mtu wa sala asubuhi na jioni, alimsikiliza huku akikunja sare. Mkwaruzo alijua ataambiwa asamehe.

"Utamsamehe," shangazi alisema. "Lakini kwanza mnyooshe."

Mkwaruzo aligeuza stoo ya vitambaa kuwa chumba cha kurekodia, majora ya nguo yakizuia kelele za nje. Hakumkabidhi mtu kitu tena: alitunga, akapiga, akarekodi, akasambaza mwenyewe kwenye simu za watu. Albamu nzima ilimhusu mtu mmoja, na jina lake halikutajwa hata mara moja. Kulikuwa na kijiti cha kiberiti. Kulikuwa na mwizi anayeiba vilio matangani. Na kiitikio kilikuwa "Sikiliza, mwanangu," kikiimbwa kwa mkwaruzo, taratibu, kama mtu anayenoa kisu.

Mji ulimtambua mwenye studio mara moja. Wanamuziki wengine aliowafuta sauti wakajitokeza. Bwana akiagiza chai, mhudumu anamwahi: "Sikiliza, mwanangu!" na mkahawa mzima unaangua kicheko. Yule binti wa sauti laini akamhama, akatangaza redioni wimbo ni wa nani. Kila habari ilipomfikia, Mkwaruzo alicheka peke yake kwenye cherehani, na hakuona haya.

Mwishowe bwana akaja kibarazani, kofia mkononi.

"Dada yangu, yatosha. Hata watoto wangu wananiimbia."

"Wanapatia kiitikio?"

Akainamisha kichwa. "Wanapatia."

"Basi kaa."

Akampigia albamu nzima, wimbo baada ya wimbo, akimkazia macho. Kwenye wimbo wa tatu bwana alitaka kuondoka. Shangazi alikuwa amesimama kwenye ngazi, mikono kiunoni, na hakusogea. Ikabidi bwana akae mpaka mwisho, jasho likimtiririka.

Alipokwenda zake, shangazi akauliza, "Haya, umemsamehe?"

"Bado, shangazi. Jumamosi naimba ukumbini, na hapa nimepata ubeti mwingine."

Shangazi aliingia stoo kumchagulia kitambaa cha gauni, akatoka na jora jekundu.