Mkono Wangu Ulivyolala Harusini Kinondoni, na Kosa Nililofanya Kuuamsha

Wakuu wa klabu, salaam kwenu nyote, na shikamoo kwa walionizidi umri.

Karatasi hizi nazitunga kwenye uzi wetu uliofungwa hapa ukutani klabuni, chini ya ile ya mwenzetu wa Keko aliyeuliza kama mkono uliopooza unaweza kurudi bila sindano wala dawa. Nilimjibu kwa mdomo, lakini tangu hapo kila ninayekutana naye ananiuliza lilelile. Bora niandike mara moja, kila mwanachama asome kwa wakati wake.

Haya yamenipata mimi mwenyewe. Pale nisipojua, nitasema sijui.

Kwa wanachama wageni: naishi Temeke, na ni mpanga herufi katika kiwanda kidogo cha uchapaji kule Uhindini. Shule niliiacha darasa la nne. Mengine nimeyasoma katika yale ninayoyachapa.

Kazi yenyewe ni hivi. Mkono wa kushoto unashika kishikio cha chuma. Wa kulia unaokota herufi za risasi, moja moja, kutoka kwenye sanduku lenye vyumba vingi vidogo, na kuzipanga mstari. Mstari mmoja wa tangazo la Bwana D.C. unaweza kula herufi hamsini. Kwa hiyo mtu asiye na mkono wa kulia si mpanga herufi.

Sasa tuingie kwenye kisa.

Mwezi wa harusi nyingi nilialikwa Kinondoni. Tulikula pilau mchana, tukashiba sana. Nikakaa kwenye benchi lenye mgongo, nikapitisha mkono wa kulia juu ya ule mgongo, ubao ukanikaa kwapani. Nikasinzia. Nilipoamshwa kwa ajili ya sala ya alasiri, mkono haukuamka nami.

Haukuuma. Ulining'inia tu kwenye kifundo kama kitambaa kilicholowa. Niliuambia uinuke, haukuinuka. Vidole vilikunjika, lakini havikunyooka.

Nilicheka. Nikadhani ni ganzi ya kawaida. Kufika Magharibi sikuwa nacheka tena.

(Naweka jambo hapa kabla sijasahau. Mdomo wangu ulikuwa sawa, maneno sawa, mguu sawa. Ukiona mkono umelegea na mdomo umeenda upande, au maneno hayaeleweki, usisimame hapa kusoma. Mpeleke mtu hospitali mbio.)

Majirani walikuja na maoni yao. Mmoja alisema upepo mbaya. Mwingine akaleta mpiga chuku, nikaumikwa pembe tatu begani. Sisemi chuku ni mbaya. Nasema tu kwamba bega langu halikuwa na shida hata kabla ya pembe.

Kuna pia mtani wangu wa kazini, Mngoni. Alikuja kuniona, akaushika mkono, akaupima uzito.

"Huu umekufa," akasema. "Tuuzike kesho. Wewe utafuata ukiwa tayari."

"Sanda ununue wewe," nikamjibu.

"Ya mkono? Leso inatosha."

Mke wangu, Zuhura, alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka pia, lakini mkono nikauficha chini ya msuli niliojifunga kiunoni.

Siku ya tatu nilikwenda hospitali ya serikali. Nilionwa na dresa mmoja, msaidizi wa daktari, Elia, mtu wa bara, mpole, mwenye kusema polepole. Alinigongagonga mkono kote, akaniambia mshipa wa fahamu umebanwa na ule ubao. Mshipa huo ndio unaopeleka amri ya kuinua kifundo na kunyoosha vidole. Haukukatika, umebanwa tu. Utarudi kwa mwendo wake wenyewe.

"Lini?" nikauliza.

"Wiki kadhaa, pengine miezi. Hauharakishwi."

"Dawa yake?"

"Hauna dawa. Una kibao."

Akanifunga kibao chembamba kwa bendeji, kifundo kimeinuka juu. Akanionyesha nitumie mkono wa kushoto kuvinyoosha vidole vya kulia, taratibu, mara nyingi kwa siku, ili visije vikakauka vikiwa vimekunjika. Basi.

Wakuu, hapo ndipo kosa langu lilipoanza.

Mwenye kiwanda, Bwana Rajabali, alikuwa amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Hakuwa mkali. Alisema kweli tupu: matangazo hayasubiri mkono wa mtu, na kuna kijana kutoka Tanga anayejua kupanga, ameshaomba nafasi. Mwezi ukiisha bila mimi kurudi sandukuni, nafasi ni yake.

Basi mimi nisubiri mshipa usioharakishwa? Sikuweza kutulia. Nilikuwa naujaribu mkono kila dakika. Nikila najaribu. Nikitembea kutoka Temeke kwenda Chang'ombe najaribu, mpaka watu wanadhani napunga. Kukaa kwenye kiti kulinishinda.

Nikajitungia matibabu. Nilikata kipande cha tairi la baiskeli, nikakikunja, nikawa nakibana kiganjani. Kibao kilinizuia kubana vizuri, nikakivua. Kila kubana niliweka alama kwenye daftari: asubuhi mia mbili, mchana mia mbili, jioni mia mbili. Wiki ya pili nikaongeza.

Na nguvu zilikuja kweli! Nilibana mpira ule mpaka kucha zikaacha alama. Nikamwonyesha Zuhura daftari. Mistari imenyooka, hesabu haina kosa hata moja.

Alikuwa anasuka ukili wa mkeka. Aliangalia daftari, akaangalia mkono, akarudi kwenye ukili wake.

Ijumaa moja tulikula wali kwenye sinia na shemeji zangu wawili waliotoka Mbagala. Kwa wiki tatu nilikuwa nakula chumbani peke yangu kwa kijiko, mkono wa kushoto, kwa aibu. Siku ile nilitaka waone maendeleo. Nikanawa, nikapeleka mkono wa kulia, nikafanya tonge, nikalibana vizuri sana.

Nikalipeleka mdomoni. Halikutoka.

Vidole vilikuwa vimejifunga juu ya wali. Nililivuta tonge kwa meno. Shemeji mdogo akainamisha uso kwenye sinia, mabega yanatikisika.

"Shemeji," akasema alipopata pumzi, "huo wali ni wa kwetu sote. Mwambie mkono aachie."

Zuhura hakucheka. Aliushika mkono wangu mbele ya kaka zake, akanifungua kidole kimoja kimoja.

"Siku ile ya Kinondoni," akaniuliza, "ulishindwa kukunja vidole?"

"Hapana."

"Ulishindwa nini?"

"Kunyoosha."

"Sasa daftari lote lile la kukunja ni la nani?"

Nilikaa na mkono wenye wali, nikapiga hesabu ya daftari kichwani. Alama zaidi ya elfu kumi, zote za misuli isiyo na ugonjwa wowote.

Kesho yake nilirudi kwa dresa Elia bila kibao, kama mwanafunzi mtoro. Alijaribu kuvinyoosha vidole, vikawa vizito. Akasema misuli ya kukunja nimeitia nguvu sana, na ya kunyoosha bado imelala, kwa hiyo ile inaishinda hii kabisa. Mshipa ukirudi utakuta mkono umeshajifunga ngumi. Hakunigombeza. Alifunga kibao upya, akakaza fundo mara mbili, akasema, "Safari hii, bwana mkubwa, usinisaidie."

Zilibaki siku tisa.

Nilikwenda kwa Bwana Rajabali na kibao changu, nikamweleza ukweli: siwezi kuokota herufi, na mwezi ukiisha huenda bado nitakuwa siwezi. Alifikiri kidogo, akanionyesha pembeni. Kulikuwa na kurasa zilizokwisha kuchapwa, herufi zake zinangoja kurudishwa sandukuni, kila moja chumbani mwake. Hiyo ni kazi ya wanaojifunza. Mimi niliiacha zamani sana.

"Mpaka mwezi uishe, rudisha hizi," akasema. "Kuliko kukaa nyumbani unabana tairi."

Mtani wangu alikuwa ameshamwambia.

Niliona aibu, wakuu, sifichi. Lakini kufika mchana niliona jambo jingine. Kurudisha herufi ni kuachia tu. Unachukua neno kati ya kidole na gumba, unasogeza gumba, herufi moja inaanguka chumbani. Unasogeza tena. Kibao kimeinua kifundo, vidole viko huru, na kila herufi inaniomba nifungue, si nibane.

Siku za kwanza nilifungua kwa kusaidiwa na mkono wa kushoto, au kwa kugonga ukingo wa sanduku. Nilikuwa polepole kuliko mtu yeyote pale. Mchana narudisha herufi, jioni nanyoosha vidole kama Elia alivyosema. Daftari nililiacha nyumbani.

Siku ya sita, herufi moja ilianguka bila msaada. Gumba lilisogea lenyewe, pengine upana wa punje ya mchele. Nilisimama nikijaribu tena na tena, mpaka Bwana Rajabali akauliza kama nimelala.

Je, ni kazi ile iliyoliamsha, au mshipa ulikuwa umefika wakati wake tu? Sijui. Elia anasema mshipa ulirudi wenyewe, na kazi iliuandalia mkono ulio tayari kuupokea. Mimi naandika alivyosema.

Siku ya mwisho ya mwezi Bwana Rajabali aliniwekea kishikio cha chuma mbele yangu, na kadi ya harusi ya mistari kumi na miwili. Nilivua kibao. Kifundo kilikuwa kinatetemeka, kinashuka, nakiinua. Kazi ya nusu saa niliifanya kwa saa mbili na zaidi. Mtani wangu alipita nyuma yangu mara nne bila kusema neno, na kwa Mngoni yule hiyo ni sala.

Bwana Rajabali akachapa nakala moja ya kujaribia. Hakuutazama mkono wangu hata kidogo. Aliipeleka karatasi dirishani, akavaa miwani.

"Hii 'n' umeisimamisha kichwa chini. Inasomeka 'u'."

"Ndiyo, bwana."

"Miaka yote hukuwahi kugeuza herufi."

"Nilikuwa naangalia mkono, bwana."

Akanirudishia karatasi.

"Kesho angalia herufi."

Hayo ndiyo yangu, wakuu. Somo nililolipata ni moja: kabla hujazoeza kiungo, ujue hasa kipi kimepotea. Bidii niliyokuwa nayo ilitosha, ila niliipeleka upande usiohitaji. Na Zuhura, aliyeliona hilo, hakuwa amesoma kitabu chochote. Aliniuliza tu swali ambalo mimi sikujiuliza.

Nimeacha nusu ya karatasi ya mwisho wazi. Mwenye kujua zaidi kuhusu chuku, kukandwa au vibao aandike, na anisahihishe nilipokosea. Mwenye mgonjwa nyumbani aanze kwa kuandika jambo moja: ni kitu gani mgonjwa wake alikifanya jana yake, na leo hawezi.