Mama wa Wamaza

Mimi si mtu wa Wamaza; huko ni mbali na kwetu. Nilizaliwa Kasongo na ninauza mawese katika soko la Kasongo. Lakini kuna shule ya wauguzi ambayo hutuita, mimi na akina mama wengine wawili, tujifanye wagonjwa mbele ya wanafunzi wanaojifunza usafi wa kinywa. Kila mmoja wetu hupewa karatasi yenye maisha ya mtu asiyekuwepo. Ya kwangu ilisema hivi: mama mkulima wa Wamaza, fizi zinamtoka damu, anaona haya, hasemi mpaka aulizwe vizuri. Niliipenda kazi hiyo. Kudanganya kwa ruhusa kuna raha yake, tena tukimaliza tunapewa sabuni.

Siku ya mtihani wa mwisho mwalimu alikaa pembeni na fomu yake magotini. Mlango ulipofunguliwa, aliingia mkwe wangu.

Alikuwa kijana aliyeacha machimbo ya dhahabu ya Salamabila ili asome. Wazee wake walikuwa wameshaleta mbuzi wa kwanza wa mahari ya binti yangu, na ilikubaliwa kwamba arusi ingoje diploma. Akianguka siku hiyo, angerudia mwaka mzima, na wajomba wa binti yangu walikuwa wameanza kumsifu mwanamume mwingine, mwenye duka. Binti yangu hakumtaka huyo wa duka. Alikuwa ameniambia hivyo huku analia.

Sasa, kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Akinikuta njiani huingia majanini mpaka nipite. Hajawahi kuniona nikitafuna hata karanga moja. Na leo alitakiwa anipanue midomo kwa vidole na kuchungulia mpaka kooni.

Mwalimu alitoka mbali, hakujua lolote. Ningesema, lakini tulikuwa tumekatazwa kutoka nje ya karatasi, na mwanafunzi aliyetoka chumbani kabla ya kumaliza alihesabiwa ameanguka. Kijana alisimama akitazama sakafu. Aliiuliza sakafu ninaumwa wapi, tangu lini, ninasafisha meno kwa kitu gani. Aliuliza vizuri, kwa upole, hata nikamtolea ile siri ya damu. Kisha akavaa glavu, asisogee. Nikasikia kalamu ya mwalimu ikiandika kitu.

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye kwa kuganda pale, nikamkasirikia mwalimu, nikawakasirikia hata mababu waliotuwekea mwiko bila kufikiria habari za meno. Niliogopa pia, sitaficha. Ilikuwa kama siku niliyoolewa mimi mwenyewe.

Ndipo nikakumbuka kwamba yule mama wa karatasi hakuandikiwa binti, wala mkwe. Nikavuta kitenge cha kichwani mpaka kikafunika macho, nikalaza kichwa nyuma, nikafungua kinywa.

Kisha vidole vikaja, vyepesi, kwenye fizi. Alipita jino kwa jino, akanieleza namna ya kushika brosi ya meno. Mwishoni aliinama, akasema polepole ili mwalimu asisikie.

“Mama, ile jino ya nyuma haiko ya mu karatasi.”

Alipotoka, mwalimu aliniuliza swali ambalo wagonjwa wote wa kujifanya huulizwa, nalo lina alama zake: mwanafunzi amekuheshimu? Kwa mila ya kwetu, mkwe aliyetia vidole kinywani mwa mama mkwe wake hana jina la heshima.

“Ameniheshimu,” nikasema. “Kupita wote.”

Alifaulu. Shangazi yake alileta kuku wa kuomba radhi kwa mwiko uliovunjwa, nami nikampika bila kumwambia mume wangu kuku yule ametoka wapi. Arusi ikafanyika. Njiani tukarudia desturi yetu, yeye majanini, mimi barabarani, na binti yangu akitucheka sisi wote wawili.

Lakini kweli lile jino bovu halikuwa la karatasi. Mvua zilipoanza liliamka. Siku nne nilisukutua maji ya chumvi, nikijidai mzima, shavu limevimba. Siku ya tano nikapanda pikipiki hadi kituo cha afya. Katika chumba cha meno alikuwepo mtu mmoja tu wa zamu, naye alikuwa mkwe wangu.

Aliponiona aligeukia ukuta. Mimi nami niligeuka. Nilifika mlangoni nikashika kitasa, na maumivu yakanipanda mpaka sikioni. Nilisimama pale nikijichukia. Kisha nikarudi, nikakaa kwenye kiti, nikavuta kitenge juu ya macho.

“Niko ule mama wa Wamaza,” nikasema.

Nikamsikia akigeuka, halafu akivaa glavu.

“Karibu, mama,” akasema. “Umetoka mbali.”