Mamdogo na Kitufe cha Kufuta Historia

Mamdogo wangu ni fundi cherehani, na kama hujawahi kushonewa naye, pole yako. Anapima kiuno kwa macho. Unaingia tu, anakutazama mara moja, anasema "umeongezeka", na ukivaa lile gauni la mwaka jana unakuta kweli umeongezeka. Anashonea chumba cha mbele cha nyumba yao. Mna cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi yenye waya uliozungushiwa kitambaa, na kompyuta mpakato moja kuukuu ambayo herufi E imeng'oka. Ile kompyuta ni ya wote. Yeye anatazama mishono, mumewe Bamdogo, ambaye ni dereva wa basi la shule, anatafuta vipuri na habari za mpira, na mimi nafanya yangu yasiyowahusu.

Sasa Mamdogo alikuwa na siri. Aliacha shule kidato cha pili, miaka ishirini na sita iliyopita, na mwaka huu akajiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne. Aliyejua ni mimi peke yangu, kwa sababu nilimsaidia kujaza fomu na kujiunga na darasa la mtandaoni.

"Bamdogo wako asijue mpaka matokeo yatoke," aliniambia, pini tatu mdomoni. "Nikifeli atanitania mpaka nizeeke. Yule mtu mpaka leo anasimulia nilivyojikwaa kwenye harusi yetu."

Basi tukawa vizuri, mpaka siku Bamdogo alipokaa kwenye kompyuta kutafuta mafuta ya breki. Akaandika M tu, kompyuta ikamsaidia kumalizia: maswali ya historia kidato cha nne.

"Nani anasoma historia humu?" akauliza.

"Mimi," nikasema.

"Wewe si uko kidato cha pili?"

"Najiandaa mapema, Bamdogo."

Akaniangalia kama anavyoangaliaga gia inayotoa sauti ngeni.

Alipoondoka nikamkimbilia Mamdogo. Nikamwambia usiogope, ni jambo dogo, tunaingia hapa kwenye vidoti vitatu, tunabonyeza "Futa historia", imeisha. Mamdogo akavuta mkono kama ameunguzwa na pasi.

"Nifute historia? Mtihani umebaki wiki tatu. Vita vya kwanza vya dunia vimeniingia kichwani kwa shida, leo nivifute kwa kidole?"

Nikamtazama. Hakuwa anatania.

"Kama lazima kifutwe kitu," akasema, "futa jiografia. Ile hata siipendi."

Jamani, nilicheka mpaka nikakalia bunda la bitana. Yaani miezi yote ile alikuwa anakiona kile kitufe na kukikwepa, akijua ukikigusa somo zima linaondoka na notisi zake. Nilipopata pumzi nikamweleza. Historia ya kwenye kivinjari si somo, ni orodha ya kila ulikopita. Ni kama daftari lako la vipimo vya wateja. Ukilichana lile daftari, magauni uliyokwisha kushona yanachanika?

"Hayachaniki," akasema taratibu.

"Basi na masomo yako ni hivyo hivyo. Yapo kule kule kwenye tovuti ya darasa. Kinachofutika ni kumbukumbu kwamba ulipita."

"Na hivi vidakuzi, kila mahali naulizwa nivikubali?"

"Hiyo ni alama tovuti inakubandika, ili ukirudi ikujue wewe ni nani na unapenda nini."

"Kumbe zinanipima kiuno."

"Ndiyo hivyo, na wewe unabonyeza kubali."

"Nabonyeza ili zininyamazie." Akatoa pini mdomoni. "Kuanzia leo nakataa."

Na mimi kwa sifa zangu nikaweka tiki kila kisanduku, nikachagua wakati wote, nikafuta. Kilichofuata ni aibu yangu. Ukifuta na vidakuzi, tovuti zote zinakusahau, kwa hiyo Mamdogo akatolewa kwenye darasa lake na nywila haikumbuki. Tuliitafuta saa nzima. Alikuwa ameiandika kwenye patani, ile karatasi ya kufuatishia mkono wa blauzi, na ile patani ilikuwa tayari imekatwa katikati. Tukaunganisha vipande kwa pini. Hapo ndipo nilipomfundisha dirisha la faragha: lifungue, soma, lifunge, halibakizi orodha kwenye kompyuta hii. Nikamwambia pia kwamba tovuti yenyewe bado inakuona, wanaofichwa ni wa nyumbani tu.

"Wa nyumbani ndio ninaowataka," akasema.

Akafanya mtihani. Bamdogo aliambiwa ameenda kupeleka sare za kwaya.

Siku ya matokeo nilimkuta ameshika kompyuta kama trei ya chai. Kwa kiherehere alisahau dirisha la faragha, akafungua la kawaida. Amefaulu. Historia B. Kiswahili B. Hesabu amefeli, lakini cheti anapata. Alicheza akizunguka meza ya kukatia, futikamba shingoni, na mimi nyuma yake, mpaka makopo ya vifungo yakamwagika.

"Njoo tufute haraka," akasema. "Nataka nimwambie mwenyewe, nimwone uso."

Tukafungua orodha. Ukurasa wa matokeo ulikuwa juu kabisa. Chini yake kulikuwa na vitu vya Bamdogo tu, maana sisi wawili tulishahamia dirisha la faragha, yeye halijui. Tairi. Mpira. Halafu, vya wiki tatu nyuma, vitatu vimefuatana:

Zawadi ya mke aliyefaulu mtihani.

Namna ya kumfariji mke aliyefeli mtihani.

Mke akifeli hesabu peke yake anapata cheti.

Mamdogo akavisoma mara mbili, akakaa kwenye kiti cha cherehani. Na hapo hapo basi likapiga honi nje. Bamdogo akaingia na mkoba mpya wa shule wenye zipu mbili, akatuona tulivyo, akaona na kioo cha kompyuta.

"Ulijua," Mamdogo akasema.

"Fundi, mtu anayetazama mishono haulizi mezani Mkutano wa Berlin ulikuwa mwaka gani." Akaweka mkoba juu ya vitambaa. "Muuzaji kaniuliza mtoto yuko darasa la ngapi."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia si mtoto, ni mke wangu, na anatoka kidato cha nne."

"Ulikuwa hujui kama nimefaulu. Je, ningefeli?"

"Mkoba ni ule ule. Ungerudia nao."

Mamdogo akainamia mkoba, akawa anafungua na kufunga zipu, anakagua mshono eti, kumbe anafuta machozi. Mimi nikauliza kimya kimya kama niendelee kufuta.

"Futa tairi, futa mpira," akasema. "Hiyo mistari mitatu usiiguse. Hiyo ndiyo historia yangu."