Shamba la Zoezi Kule Ole

Kilichonipeleka Pemba ni leseni. Dalali wa nyumba na viwanja asiye na leseni ni mzururaji tu, na mimi Rukia nimelea watoto wangu kwa udalali hapa mjini Unguja tangu baba yao alipofariki. Mwaka ule ofisi inayotupa leseni ikatutangazia kwamba hakuna atakayehuishiwa leseni yake mpaka ahudhurie mafunzo na apate cheti, na mafunzo yenyewe yatafanyika Pemba. Nikaenda kumuuliza karani, kwa nini Pemba na madalali wengi tuko Unguja? Akanijibu, "Bi Rukia, kwani Pemba si Zanzibar?" Loo! Nilimuuliza swali, naye akanirudishia swali. Nikatoka pale nina shaka zaidi kuliko nilivyoingia.

Dada yangu alinicheka nilipokuwa nafunga mkoba. "Wewe Rukia," akasema, "hata ukiletewa sadaka unaigeuza chini kwanza." Ni kweli, sikatai. Udalali ndio umenifunza. Nimeshaonyeshwa nyumba ya mtu aliye hai na mtu anayejiita mrithi wake.

Asubuhi, bandarini Malindi, tulikusanyika madalali wa Unguja karibu wote, wengine hatujasalimiana tangu tulipogombania mteja. Mkufunzi wetu, kijana mtanashati mwenye simu mbili mkononi, akatugawia begi, kalamu na kofia. Nilipoiona ile kofia moyo wangu ukafanya pa! Rangi yake ilikuwa ya chama kimoja, na kwa zama zile za vyama vingi haikuwa rangi ya kuvaa ukashuka nayo Pemba ukasema jua kali. Wenzangu wakazivaa wakipigana picha. Mimi yangu nikaidumbukiza mkobani, chini kabisa, chini ya kanga.

Tulipokaribia Mkoani, meli ilipokuwa inapita ubavuni mwa kisiwa cha Makoongwe, nilimsikia mkufunzi nyuma yangu akizungumza kwa simu. "Usijali," alisema, "nimewaweka wazuri." Nikageuka. Akanichekea, akasogea pembeni. Wazuri gani, na nani asijali? Sikuuliza, ila maneno yale niliyaweka.

Mkoani, pale gatini, muuza machungwa alizitazama kofia za wenzangu kisha akaniuliza mimi niliye kichwa kitupu, yaani mwenye mtandio tu: "Bibi, nyie chama gani?"

"Chama cha madalali," nikamwambia.

"Hicho hakijafika kuno," akasema, akanichagulia machungwa yaliyo mabichi.

Chake Chake, alasiri ile ile, tuliingia darasani, tukawakuta madalali wa Pemba wameshakaa. Sitaki kusema uongo, mengine yalikuwa ya maana. Tulifunzwa kuandika mkataba, tukafunzwa wajibu wa kumwambia mnunuzi kasoro za nyumba, jambo ambalo baadhi yetu walilisikiliza kwa mshangao mkubwa. Kisha mkufunzi akatangaza zoezi. Kesho yake tutakwenda mashambani wawili wawili, kila jozi na shamba lake, tukalikague, tukalieleze, na mwisho tuandike bei tunayopendekeza na kupiga muhuri wetu wa udalali. Asiyekamilisha zoezi hana cheti.

Muhuri? Muhuri wa dalali ni uso wake. Nikanyanyua mkono. "Kama ni zoezi tu, muhuri wa nini?"

"Ili lifanane na kazi halisi, Bi Rukia," akasema, na darasa zima likacheka kama kwamba nimeuliza jambo la kitoto. Akanipanga na Hamad, dalali wa Wete, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe na maneno machache. Alinisalimu, akaniuliza mimi ni mtu wa wapi hasa na nani kanituma. Nikamwambia hajanituma mtu. Akaitikia kwa kichwa, lakini niliona hakuniamini, nami papo hapo nikaacha kumwamini yeye.

Ole, asubuhi ya pili, kosta ilitushusha kandoni mwa barabara, tukafuata njia ya miguu kati ya mihogo mpaka tukalifikia shamba letu. Mikarafuu imepanda kilimani, chini kuna nyumba ya mawe na udongo, na uani majamvi yametandazwa karafuu zinakauka. Hamad aliniambia nimngoje kidogo, akaingia nyumba ya jirani kunong'ona na watu. Haya, nikajisemea, huyu ana mteja wake, mimi ananifanya kivuli. Nami sikungoja. Nikafanya vile tufanyavyo madalali wa mjini tukifika kiwanjani: kabla mwenye mali hajakuona, unaupima mpaka kwa hatua, kimya kimya, ili asikudanganye ukubwa. Nikatembea kwa hatua ndefu mpaka wa chini, nikakata kona, nikapanda na mpaka wa juu, midomo ikinichezacheza kwa hesabu.

Niliporudi uani, mwanamke mzee alikuwa amesimama mlangoni, ameshika nguzo. Huyo ndiye Bi Time, mwenye nyumba. Alinitazama miguu, si uso.

"Karibu," akasema. Akaniwekea kigoda, akaniletea muhogo wa nazi na chai. Ukarimu ule nao ukanitia wasiwasi, maana hakuniuliza hata jina.

"Bi Time, shamba hili la nani?"

"Mwenyewe yupo."

"Yupo wapi?"

"Yupo."

"Ndiye wewe?"

"Kula muhogo, mwanangu, usipoe."

Nikamuuliza jirani aliyekuja kuchungulia, mwanamke mwenye mtoto mgongoni. "Mwenyewe yupo," akasema naye, kwa sauti ile ile kama waliopatana. Nikasema kimoyomoyo, hawa watu wana jambo wanalificha. Ama shamba lina kesi, ama limeshauzwa, na mimi nimeletwa nilipigie muhuri.

Adhuhuri ilipopita, Hamad hajarudi na mimi sina cha kuandika. Bi Time na jirani yake walikaa chini wakaanza kuchambua karafuu, kuzitoa kwenye vikonyo, lundo moja linapungua na jingine linakua. Nimechoka kukaa kigodani kama hakimu, nikavua viatu, nikakaa nao kwenye jamvi, nikaanza kuchambua. Mama yangu alikuwa mchumaji, kazi ile naijua tangu utotoni. Kule, nilikuja kuambiwa baadaye, mgeni anayekaa kigodani hujibiwa kigodani. Anayekaa jamvini akashika karafuu huambiwa ya nyumbani.

Bi Time alisema bila ya kuinua kichwa. "Mwanangu, niambie kweli. Salim kaniuza?"

"Salim nani?"

"Mtoto wangu. Yuko Dar es Salaam. Tangu aondoke hajapata kuniuliza habari ya shamba. Juzi kanipigia simu, hata hali yangu hajaniuliza, kaniuliza mikarafuu imebaki mingapi. Leo naamka, naona ntu ananipimia mpaka kwa miguu." Mikono yake ikaacha kuchambua. "Kama kaniuza, niambie nijue nikalale wapi."

Wallahi nilitamani ardhi ipasuke. Aliyemtia hofu ile ni mimi, kwa hatua zangu. Nikamwambia kweli yote, kuhusu leseni, mafunzo, zoezi na muhuri. Alinisikiliza, kisha akaanza kunieleza. Mumewe amekufa na mirathi haijagawiwa mpaka leo. Ardhi ni ya warithi wote, yeye na watoto wake, Salim mmoja wao tu, na binti mwingine ameolewa Kisiwa Panza. Mikarafuu ya juu kilimani si ya urithi hata kidogo, ni mahari yake, aliyopewa siku ya kuolewa. Kule Pemba mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, na si lazima wawe mtu mmoja. Mimi nilijua hivyo kwa kusikia, lakini mjini tunauza kuta na paa, hayo tunayasahau.

Hapo akatokea Hamad, nyuma yake mzee mmoja, shemeji wa Bi Time, ndugu wa marehemu. Hamad alipigwa na butwaa kuniona jamvini nimejaa vumbi la karafuu.

"Umekwenda wapi?" nikamuuliza kwa ukali.

"Nimekwenda kumtafuta ntu wa ukoo," akasema. "Nilisikia Wete kwamba Salim anatafuta dalali. Nikakuona wewe, mtu wa Unguja, unaulizia muhuri mbele ya watu. Nikasema, huyu ndiye aliyeletwa na Salim, anajitia haujui mchezo."

"Mimi? Mimi nilidhani wewe ndiye!"

Bi Time akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Tulicheka wote, lakini kicheko hakikukaa. Nilimwambia Hamad yale niliyoyasikia melini, na yeye akakunja uso. Kama bei itaandikwa, ikapigwa mihuri miwili ya madalali wenye leseni, mmoja wa Unguja na mmoja wa Pemba, mnunuzi aliyekaa Dar atataka nini zaidi? Ataamini shamba ni halali na limekaguliwa. Bi Time ataamka siku moja akute watu wamekuja na mashoka.

"Na tusipoandika bei," Hamad akasema, "cheti hatuna."

Niliwafikiria watoto wangu, nikafikiria kodi ya nyumba. Sisemi kwamba sikutetereka. Bi Time alikuwa anatutazama mmoja mmoja, hakutuomba kitu.

Chake Chake, asubuhi ya kufunga mafunzo, kila jozi ilisimama mbele kusoma zoezi lake. Ilipofika zamu yetu nilisimama mimi. Nikalitaja shamba lilipo, jina la marehemu, nikaeleza kwamba mirathi haijagawiwa, kwamba ardhi ina warithi kadhaa na mikarafuu ya juu ni mahari ya mjane aliye hai anayeishi pale pale. "Kwa hiyo," nikasema, "shamba hili haliuziki. Na yeyote atakayeletewa, ajue anauziwa mama wa mtu."

Mkufunzi akakohoa. "Bi Rukia, zoezi linataka bei."

"Bei ya mali ya nani?"

"Ni mfano tu."

"Kama ni mfano, shamba hili mlilipata wapi?"

Akasema kuna kijana Dar, rafiki wa rafiki, aliyetoa shamba la kwao litumike. Alisema hivyo akiitazama mojawapo ya simu zake, si sisi. Hamad akasimama kando yangu, akaweka muhuri wake mfukoni mbele ya macho ya watu wote. Mkufunzi akasema kazi yetu haijakamilika na suala letu atalipeleka juu. Wenzetu wakaitwa jina kwa jina kuchukua vyeti. Sisi wawili tukapiga makofi.

Safari ya kurudi, Mkoani, Hamad alinisindikiza mpaka gatini, akaniletea kifurushi cha karafuu kutoka kwa Bi Time. Nilikigeuza chini kwanza, mazoea hayo, naye akaniona akacheka. Nilipanda melini nina hasira na huzuni, bila cheti, nikijiuliza nitawaambia nini watoto. Madalali wenzangu walikaa mbali kidogo nami, kama nina ugonjwa. Lakini mmoja mmoja wakaanza kuja, kwanza huyu kisha yule, kila mmoja akitaka nimsimulie tena: shamba liko Ole sehemu gani, huyo kijana anaitwa nani, sauti yake ikoje kwenye simu. Si kwa upendo. Hakuna dalali anayetaka kuingia mkenge.

Makoongwe ilipokuwa imeshabaki nyuma, simu yangu ikalia. Nambari siijui.

"Bi Rukia? Shikamoo. Nimepewa nambari yako na mkufunzi wenu. Mimi naitwa Salim. Nasikia umeliona shamba langu la Ole."

Basi nikajua nani alikuwa akiambiwa asijali. "Marahaba. Nimeliona."

"Nataka unitafutie mteja. Nawe hutakosa chako. Hata hicho cheti nimeambiwa kitapatikana."

"Mwenyewe yupo," nikamwambia.

"Mwenyewe ndiye mimi."

"Mwenyewe nimekaa naye jamvini, nimechambua naye karafuu. Ameniuliza kama umemuuza."

Nikasikia magari ya Dar yakipiga honi kwenye simu yake. Kisha akasema kwa hasira, "Basi nitatafuta dalali mwingine. Mko wengi."

"Tuko wengi, kweli," nikasema, nikawatazama wenzangu na kofia zao. "Na mkufunzi wako katukusanya wote chumba kimoja, wa Unguja na wa Pemba, nikawasomea shamba la mama'ko kwa sauti. Sasa mpigie umtakaye."

Akakata simu. Mpaka naandika haya cheti changu bado "kinashughulikiwa", na kila nikienda ofisini karani yule yule hunijibu kwa swali. Watoto wamelalamika, dada yangu amesema alinionya. Nilichojifunza Pemba ni kidogo: nikifika kwenye mali ya watu sasa sianzi na mpaka, naanza na hodi. Na Hamad kanipigia jana kuniambia kwamba mpaka leo hajaja mnunuzi, na Bi Time ameanza kuchuma mikarafuu yake ya juu.