Neno la Siri la Mfugaji

Juzi pale Mkata, kwenye banda la fundi kompyuta, mzee mmoja mfugaji alikuwa akiiwekea laptop yake neno la siri. Aliifunika kibodi kwa shuka hata fundi asione. Kisha akaendelea kutusimulia sifa za dume lake la ng'ombe, akilitaja jina kila mara.

Mama muuza chai akamwekea kikombe. "Shikamoo mzee. Umeweka jina la dume, siyo?"

Mzee akashtuka. "Nani kakwambia?"

"Wewe mwenyewe, tangu asubuhi."

Fundi akamshauri aweke jina asilolitaja kamwe. Mzee akawaza, akatabasamu, akaifunika kibodi tena.

"Sasa kaweka la mkewe," mama akaninong'oneza.

Nilicheka njia nzima mpaka Korogwe. Nilipofika mlangoni nikaita, "Mama watoto, nimerudi!" Kicheko kikaniishia hapo hapo.