Kijapani cha Fundi Waya

Karakana ilipotangaza kwamba inatafuta msimamizi wa umeme wa magari, atakayeelewana na mhandisi wa Kijapani bila mkalimani, Fundi Waya, fundi umeme wa hapo hapo, alifuta mikono, akasema, "Hiyo kazi ni yangu." Kijapani chenyewe hakujua hata salamu.

Akanunua kitabu cha wanaoanza. Kumbe sarufi yao haina makeke: *wa* humfuata anayezungumziwa, *o* hufuata kinachotendwa, na kitenzi huja mwisho kabisa, kama mgeni rasmi, watu washachoka kungoja. *Watashi wa kuruma o naoshimasu*: mimi, gari, natengeneza. Ukitaka swali, bandika *ka* mkiani, basi. Matamshi aliyachota kwa yule bibi wa kwenye mtambo, sauti inayoelekeza njia ndani ya magari yaliyotoka Japani. Alimwigiza neno kwa neno, puani na kwa madaha yote.

"Mama watoto," mumewe, kinyozi, akalalamika, "nimeoa mke au nimeoa gari?"

"Funga mkanda, baba watoto. Safari imeanza."

Siku ya usaili mhandisi, mzee mfupi wa miwani, akauliza gari bovu liko wapi. Fundi Waya alielewa. Lilikuwa nyuma ya ghala, na yeye hakuwa amefika sura ya kuelekeza njia. Mwingine angeomba radhi. Yeye akalainisha sauti: "*Mamonaku, migi hōkō desu.*" Punde hivi, kulia.

Mhandisi akakata kulia papo hapo, kwa mazoea ya barabarani. Akaambiwa kushoto, akakata kushoto. Mwenye karakana akawafuata mdomo wazi. Walipolifikia gari: "*Mokutekichi shūhen desu.*" Umekaribia uendako.

Mzee wa watu akaegemea boneti, akacheka hadi miwani ikamponyoka. Kisha akajikaza: "*Doko ga warui desu ka?*" Ubovu uko wapi?

Hapo hapakuwa na sauti ya kuazima. Gari halijui kutaja ugonjwa wake. Fundi Waya akafungua boneti, akapima, akajenga sentensi zake tofali kwa tofali. "*Batterī wa ii desu. Haisen ga warui desu. Watashi wa haisen o naoshimasu.*" Betri nzima. Nyaya ndizo mbovu. Nitazitengeneza.

Mhandisi akainama kidogo. "*Onegai shimasu.*"

"Amesemaje?" mwenye karakana akanong'ona. "Amekukataa?"

"Amesema tafadhali nitengeneze, bosi," akajibu Fundi Waya, kichwa kimeshazama kwenye injini. "Nami nasema tafadhali nipishe. Unamzibia msimamizi mwanga."